Fukusi na Dumuzi: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu na Wenye Mahindi Dodoma

Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia mwezi wa saba hivi, maswali kuhusu fukusi na dumuzi, wadudu wanaobungua mahindi, huanza kuja: kutoka Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, na kwa watu wa mjini walionunua gunia tatu za kulishia familia hadi mvua zinyeshe. Mengi yanafanana. Tumeyakusanya hapa na kuyapa namba, ili pale jibu moja linapogusa jingine usisome kitu kilekile mara mbili.

## Kuwatambua

1. Fukusi na dumuzi si mdudu mmoja mwenye majina mawili?

Hapana. Ni wadudu wawili wa koo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue dawa gani na uyahifadhi vipi mahindi yako. Fukusi wa mahindi, ambaye wataalamu humwita *Sitophilus zeamais*, ni wa ukoo wa mbawakavu wenye mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi, *Prostephanus truncatus*, ni wa ukoo wa mbawakavu wanaotoboa mbao. Lishike hilo la mbao, kwa sababu tabia zake nyingi zinatoka hapo: mdudu aliyezoea kutoboa mti mkavu hasumbuliwi na punje kavu.

2. Nitawatofautishaje kwa macho?

Chota mahindi kiganja kimoja kutoka katikati ya gunia, si juu, uyamwage kwenye sahani nyeupe juani. Subiri kidogo. Wadudu wataanza kutembea wakitafuta kivuli.

Mtazame kichwani kwanza. Fukusi ana mdomo mwembamba uliochomoza mbele, unaonekana hata bila miwani. Mgongoni ana madoa manne ya rangi nyekundu inayoelekea machungwa, mawili kila upande, ingawa kwa wengine yamefifia. Ukimgusa hukunja miguu na kujifanya amekufa.

Dumuzi ukimtazama kutoka juu huoni kichwa kabisa. Kimejificha chini ya shingo, kama mtu aliyevuta kofia ya koti hadi machoni. Mwili wake ni mviringo na mrefu, mithili ya kipande cha njiti ya kiberiti, kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi. Kisha mtazame nyuma: mwisho wa mwili umekatika wima, kana kwamba mtu kaupitisha kisu. Hiyo ndiyo alama yake kubwa. Kwa urefu hawapishani sana, wote ni kati ya milimita 3 na 4 na kitu, kwa hiyo usitumie ukubwa kuwatofautisha.

3. Sioni mdudu, naona matundu na unga tu. Aliyekula ni nani?

Unga unasema. Fukusi huacha tundu la mviringo lenye kingo zilizochakaa na unga kiasi. Dumuzi huacha unga mwingi, laini, mweupe, unaoshika vidole kama poda ya mtoto. Ukinyanyua gunia na unga ukamwagika kupitia nyuzi za kiroba kama vile limepasuka, huyo ni dumuzi.

Pasua punje kwa ukucha. Funza wa fukusi hana miguu, ni mnene, na anaishi maisha yake yote ya ufunza ndani ya punje moja; mama yake alitoboa kitundu, akataga yai moja, akaziba kwa ute unaoganda. Ndiyo maana mahindi yanaweza kuonekana mazima wakati ndani yamejaa. Funza wa dumuzi ana miguu mitatu kila upande, amejikunja, na unaweza kumkuta hata kwenye unga nje ya punje. Dumuzi mkubwa hupita kutoka punje hii hadi ile akichimba njia, na hutaga mayai kwenye vichochoro vya pembeni vya njia hizo.

Usiku nyumba ikitulia, weka sikio kwenye gunia. Ukisikia mchakato kama mtu anayetafuna bisi mbali, usingoje asubuhi kupanga la kufanya.

4. Wazee wanasema zamani dumuzi hakuwepo. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika alionekana kwanza hapa kwetu Tanzania, mkoani Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na inaaminika aliingia na shehena ya mahindi kutoka ng'ambo. Kufikia 1983 alikuwa ameshavuka kuingia Kenya kupitia Taveta. Mahindi yanasafiri kwa lori, na yeye husafiri nayo. Hata jina lake la mtaani lilitokana na malori: watu walimwita Scania kwa jinsi alivyokuwa akisomba mzigo wote. Kenya wakaja kumwita Osama.

Fukusi ni mwenyeji wa siku nyingi. Bibi zetu walimjua, na njia nyingi tulizorithi za kuhifadhi nafaka zilitungwa kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba tunazitumia njia hizo hizo kwa mdudu ambaye bibi hakuwahi kukutana naye.

## Kwa nini hapa kwetu

5. Dodoma ni kukavu na mahindi yetu yanakauka vizuri. Kwa nini bado yanabunguliwa?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mkulima wa Kanda ya Kati alielewe. Ukavu wetu unatukinga na fukusi kwa sehemu kubwa. Dhidi ya dumuzi hautukingi.

Fukusi anapenda joto la wastani, kama nyuzi 27, na hewa yenye unyevu. Akipata hali hiyo, kutoka yai hadi mdudu kamili ni takriban siku 35. Punje ikikauka chini ya asilimia 12 ya unyevu uzazi wake hupungua sana, na kadiri inavyozidi kukauka ndivyo anavyozidi kushindwa. Kwa hiyo mkulima wa Bahi aliyeanika vizuri tayari amemtia fukusi taabani bila kutumia shilingi.

Dumuzi hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 32, na kizazi chake hukamilika kwa siku 25 hadi 27 hali ikimkubali. Kwenye punje kavu kasi yake hupungua kidogo, lakini haachi: anaweza kuendelea kuzaliana hata kwenye mahindi yaliyokauka hadi asilimia 9. Nyumba ya bati ya Dodoma mwezi wa kumi, jua la saa nane, mahindi makavu kama changarawe. Hapo fukusi anahangaika, naye dumuzi yuko nyumbani.

Kwa hiyo anika, na usiache kuanika, kwa sababu ya fukusi na kwa sababu ya kuvu (swali la 17). Ila ukishaanika usijiambie kwamba kazi imekwisha.

6. Nani anaharibu zaidi?

Dumuzi, na kwa mbali. Mara tu alipoingia nchini, vipimo vilivyofanywa kwenye maghala ya wakulima wa Tanzania vilionyesha upotevu wa uzito uliofikia asilimia 34 kwa mahindi yaliyokaa miezi michache tu. Si kila ghala lilifika huko, wastani ulikuwa chini ya asilimia 10, na hiyo ndiyo hatari yake nyingine: mwaka huu anaweza kupita kwako bila kishindo, mwaka ujao akakuachia magunzi na unga.

Fukusi hula polepole, ila yupo kila mwaka na karibu kila ghala. Tusimdharau. Kwa mtu aliyehifadhi mahindi mabichi kidogo, fukusi peke yake anatosha kuharibu chakula cha mwaka.

7. Wanaingia shambani au ghalani?

Kote. Fukusi anaruka vizuri, na akiwa kwenye ghala la jirani atalifuata shamba lako mahindi yanapoanza kukomaa. Dumuzi pia huanza shambani, hasa mahindi yakiachwa yamesimama muda mrefu baada ya kukomaa. Tunajua kwa nini watu huyaacha: vibarua ni ghali, na jua la bure linakausha. Lakini kila wiki ya ziada mahindi yanapokaa shambani ni mlango unaouacha wazi.

8. Gunia langu moja limekwisha, la pembeni yake ni zima. Inakuwaje?

Huo ni mwendo wa dumuzi. Dume akipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume. Wanamiminika pale alipo yeye, si ghala zima kwa usawa. Gunia lile linageuka mji. Baadaye chakula kikipungua na msongamano ukizidi, wanatawanyika kwenda kwenye magunia mengine.

Maana yake kwako ni hii: ukikagua gunia moja la mbele ukalikuta salama, hujakagua ghala. Kagua yote, kila baada ya wiki mbili, kwa kuchota katikati na chini.

## Kabla ya kuhifadhi

9. Niyahifadhi na magunzi yake au niyapukuchue?

Yapukuchue. Hapa kuna ushauri wa zamani unaogongana na hali ya sasa, na watu wengi huumia kwa kutojua.

Kuhifadhi mahindi na maganda yake kulisaidia dhidi ya fukusi, kwa sababu ganda lililofunga vizuri ni ukuta kwake. Kwa dumuzi ni kinyume. Punje iliyoshikwa kwenye gunzi haitikisiki, kwa hiyo anapata pa kuegemea akitoboa. Tena huingia kupitia kitako au ncha ya gunzi na kupanda juu akila mstari mmoja baada ya mwingine. Punje zilizopukuchuliwa zinateleza, zinamyima egemeo, na uharibifu hupungua. Jambo la pili ni dawa: ukiinyunyiza juu ya magunzi yenye maganda haifiki kwenye punje.

10. Nitajuaje mahindi yamekauka vya kutosha?

Lengo ni unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa biashara ya mahindi Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Kama kuna ghala la ushirika au mnunuzi mwenye mashine ya kupima unyevu karibu nawe, mpelekee sampuli.

Nyumbani tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha turubai juani. Isipoganda, uko chini ya 15, jambo ambalo si sawa na 13. Anika siku moja au mbili zaidi. Kung'ata kwa jino kunasaidia mzoefu tu. Mtu mgeni hudanganyika.

Anikia turubai au mkeka, usianikie chini kwenye vumbi.

11. Ghala nilisafisheje?

Toa kila kitu. Fagia hadi kwenye nyufa, na unga wa mwaka jana uuchome au uufukie mbali, usiutupe nyuma ya nyumba. Ziba nyufa za ukuta. Magunia ya zamani yatumbukize kwenye maji yanayochemka na kuyakausha, au anza na mapya. Mahindi ya zamani yaliyobaki usiyachanganye na mapya hata kama ni debe moja. Hilo debe moja ndilo mbegu ya wadudu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili uweze kuzunguka na kuona.

Ukisafisha hivyo fukusi atapungua sana. Dumuzi atapungua pia, lakini yeye ana makazi porini (swali la 22), kwa hiyo usishangae akirudi.

## Dawa, mifuko na njia nyingine

12. Niliweka dawa, fukusi wakafa, dumuzi wakabaki. Niliuziwa dawa feki?

Huenda, lakini si lazima. Kiambato cha pirimifosi-methili kinamwua fukusi vizuri ila kwa dumuzi ni dhaifu. Viuatilifu vya kundi la pairethroidi, kama pamethrini na deltamethrini, vinamwua dumuzi vizuri ila kwa fukusi havitoshi. Kila mmoja ana upenyo wake. Ndiyo maana dawa za unga za kuhifadhia nafaka zinazofaa hapa kwetu zimechanganywa viambato viwili: Actellic Super, kwa mfano, ina pirimifosi-methili pamoja na pamethrini, moja kwa ajili ya kila mdudu.

Kwa hiyo dukani usiulize tu “dawa ya mahindi.” Soma lebo. Ukiona kiambato kimoja pekee, jua kuna mdudu mmoja utakayemwachia mlango. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili. Usajili wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mimi mwenyewe niliwahi kununua pakiti iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, karatasi imepauka hadi maandishi hayasomeki, kwa sababu ilikuwa nafuu. Mwezi wa tisa nilichekecha unga gunia mbili. Joto huivunja nguvu dawa, hata kama haijafika tarehe.

13. Nachanganyaje?

Pukuchua, anika, pepeta. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza kipimo kilichoandikwa kwenye lebo kwa uzito wa gunia lako, kisha geuza kwa koleo lote kutoka upande huu hadi ule, angalau mara tatu, mpaka huoni mabaka ya unga. Gunia la lumbesa si kilo 100, kwa hiyo usikadirie. Pima, au hesabu kwa madebe.

Funga pua na mdomo, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na fanya asubuhi mapema kabla ya upepo wetu wa Dodoma haujaamka. Watoto na kuku wakae mbali. Dawa ya kunyunyizia pamba, nyanya au mifugo usiiweke kwenye mahindi ya kula, hata mtu akuapie kwamba yeye huitumia.

14. Mifuko isiyopitisha hewa inatosha bila dawa? Dumuzi si atatoboa?

Inatosha, ukiitumia sawasawa, na kwa familia nyingi ndiyo tungeishauri kwanza. Mifuko kama PICS ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Ukishafunga, wadudu waliomo wanatumia oksijeni iliyobaki, inaisha, wanaacha kula, wanakauka na kufa. Haijali kama ni fukusi au dumuzi.

Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, ni kweli, hasa kama mahindi yaliingia tayari na wadudu wengi wenye nguvu. Mara nyingi anatoboa mfuko wa ndani, wa pili unabaki mzima. Ndiyo sababu iko miwili. Ipulize kwanza kama puto uone kama inavuja. Pepeta vipande vya magunzi, maana navyo huchoma plastiki. Shindilia, toa hewa yote, sokota shingo ya mfuko wa ndani uifunge kwa kamba, kisha wa pili peke yake, kisha kiroba. Usifungue kwa mwezi wa kwanza. Ukiwa unachota kila siku toka kwenye mfuko huohuo, umerudisha hewa. Afadhali uwe na mfuko mmoja wa kula na mingine ya kutunza.

Pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana au kihenge cha chuma hufanya kazi kwa kanuni ileile, na panya hawakusumbui. Mahindi yenye unyevu usiyaweke humo kabisa, yataota kuvu na kuvunda.

15. Majivu, mwarobaini na pilipili vinafanya kazi?

Majivu makavu yaliyochekechwa hufanya kazi kwa kiasi, zaidi kwa fukusi: yanajaza nafasi kati ya punje na kukwaruza ngozi ya mdudu mpaka anapoteza maji. Lakini yanatakiwa mengi, si kikombe kwa gunia. Majani ya mwarobaini hufukuza wadudu kwa muda, ila huacha uchungu. Kwa dumuzi usiweke chakula cha mwaka mzima mikononi mwa njia hizi. Kwa debe mbili za kula mwezi huu, sawa.

16. Nikianika juani wadudu si watakufa? Na vile vidonge vya kufukiza?

Juani wadudu wakubwa watakimbia. Walio ndani ya punje, yaani funza na mayai, wengi watabaki, na baada ya wiki chache utaona kizazi kipya ukadhani wamerudi. Anika, pepeta, halafu uweke dawa au ufunge kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Vidonge ni jambo zito. Vikigusana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua kila chenye pumzi. Kuna watu huviweka kwenye gunia lililo chumbani wanakolala na watoto. Tafadhali, usifanye hivyo hata kwa usiku mmoja, hata kama gunia umelifunga kwa nailoni. Kufukiza ni kazi ya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala lisilokaliwa na watu. Isitoshe, gesi ikishatoka haiachi kinga yoyote: dumuzi mpya anaweza kuingia kesho yake.

## Kula na kuuza

17. Mahindi yaliyobunguliwa yanalika?

Mdudu mwenyewe hana sumu. Kama mahindi yana matundu machache, hayana harufu ya uvundo wala rangi ya kijani, njano au nyeusi, pepeta, chambua, osha, anika na usage.

Hofu yetu ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Kila tundu la fukusi au dumuzi ni jeraha kwenye ngozi ya punje, na kuvu huingia humo. Wadudu wengi wakikusanyika hupumua, hutoa joto na unyevu, na katikati ya gunia panakuwa pazuri kwa kuvu hata kama nje ni kiangazi. Dodoma hatulisemi hili kwa nadharia. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Waliokufa walikuwa takriban 20, na Chemba na Kondoa ni miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na ugali wake unaweza usiwe na ladha yoyote tofauti.

Kwa hiyo mahindi yaliyoota kuvu usile, usimpe mtoto uji wake, na usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

18. Nimeweka dawa wiki iliyopita na chakula kimeisha. Nile?

Fuata muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa yako, bila kupunguza. Ukifika, pepeta vizuri, osha mara mbili, anika. Kukoboa kunapunguza zaidi. Ili usifike huko, tenga mapema mahindi ya kula miezi miwili ya kwanza bila kuyawekea dawa.

19. Nataka kuuza soko la Kibaigwa bei ikipanda. Mnunuzi ataangalia nini?

Atatia mkono katikati ya gunia, atanusa, atatazama unga kwenye vidole. Mahindi ya biashara hayatakiwi kuwa na mdudu aliye hai, na kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa jumla ya sumukuvu aina ya aflatoksini ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa ile kali zaidi, aflatoksini B1.

Anayengoja bei ya mwezi wa kwanza au wa pili anahifadhi katika miezi ya joto kuliko yote, yaani ile anayoipenda dumuzi. Kama huna mifuko wala dawa ya viambato viwili, kwa maoni yangu uza sehemu mapema. Gunia nne zilizouzwa kwa bei ya wastani ni bora kuliko sita zinazopungua uzito kila wiki.

## Mambo ya pembeni

20. Na mtama na uwele?

Dumuzi kama mharibifu ni wa mahindi na muhogo mkavu. Kwenye nafaka za punje ndogo hazaliani vizuri. Fukusi huula mtama, hasa aina zenye punje laini. Uwele una punje ndogo mno kumtosha funza wake, ndiyo maana uwele uliokaa kwenye vilindo, yaani maghala ya asili ya Wagogo, ulidumu kupita mwaka mmoja wa njaa. Mwenye nafasi ya kulima vyote viwili asiache uwele.

21. Makopa ya muhogo je?

Hapo dumuzi ni mbaya kuliko hata kwenye mahindi: ndani ya miezi minne anaweza kumaliza zaidi ya nusu ya uzito. Usiyaweke makopa chumba kimoja na mahindi.

22. Nimeona unga ukidondoka kutoka kwenye boriti. Ni dumuzi?

Inawezekana, ila wapo wadudu wengi watoboao mbao. Mnase mmoja umtazame kama ilivyoelezwa kwenye swali la 2. Dumuzi huishi kwenye miti mikavu na matawi porini, mbali na mahindi yoyote, na anaweza kujificha kwenye nguzo za ghala au fito za tembe. Unapojenga kihenge kipya, menya magome ya fito, na nguzo zilizotobolewa usizitumie tena.

23. Mahindi ya mbegu niliyoyatunza mwenyewe yamebunguliwa kidogo. Nipande?

Pima kwanza. Otesha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu zilizoota baada ya siku saba. Wadudu wote wawili hula kiini, kwa hiyo punje yenye tundu moja tu inaweza kuwa imekufa.

24. Nimesikia kuna mdudu anayemla dumuzi.

Yupo: mbawakavu mdogo mweusi aitwaye *Teretrius nigrescens*, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati na kuachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya 1992. Humfuata dumuzi kwa kunusa harufu ileile ya swali la 8, kisha hula mayai na funza wake. Hupunguza idadi porini, lakini hafiki kwenye gunia lako kwa wakati. Fukusi hamhusu.

25. Nimekuta wadudu wadogo wekundu, bapa, wengi kwenye unga. Ni watoto wa dumuzi?

Hapana. Hao ni wadudu wa unga, wanaokuja baada ya punje kuvunjwa na wengine. Ukiwaona kwa wingi, maana yake fukusi au dumuzi alishafanya kazi kabla yao. Na kama ni vipepeo wadogo rangi ya majani makavu wanaoruka unapofungua gunia, huyo ni nondo wa nafaka. Chota kiganja kingine cha mahindi, rudi swali la 2, umtafute aliyetangulia.